Kilichokuwa Ndani ya Kopo la Hariri

Haukuwa unga. Tuanze hapo, ili anayetaka kusoma mpaka mwisho asome akiwa amekwisha kulijua hilo. Kopo lililokuwa juu ya rafu ya kinyozi Hariri, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, halikuwa na unga wanaoufikiria wapiga domo, wala halikuwa na dawa ya kuvutia wateja kutoka kwa mganga yeyote. Wala hakukuwa na polisi. Mtu anayesema alimwona Hariri akiruka ukuta huku polisi wakimfuata, ama alimwona mtu mwingine, ama hakuona mtu kabisa. Tangu babu hadi wajukuu, unga uliowahi kuingia katika familia hii ni ule wa jikoni, na hata huo huchekechwa kwanza.

Ndani ya kopo mlikuwa na magnesiamu. Ni madini, kama chuma kilichomo kwenye damu, na kila mtu anayo kidogo mwilini mwake, wakiwemo wale waliosema. Hariri aliinunua kwa ajili ya wasiwasi. Na hapo ndipo lugha ilipomponza, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi na mtu anayetiliwa wasiwasi wanakaa nyumba moja katika maneno yetu, na ukisema unatumia dawa, anayekusikia hujichagulia mwenyewe ni dawa ya namna gani.

Hariri si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na wateja kwa ajili ya mkono wake. Duka lake ni chumba kimoja cha chini katika jengo la ghorofa moja, mlango wa pili kutoka kwa fundi viatu. Mna viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, beseni la kuoshea, benchi la kungojea na redio ambayo husikika vizuri ikipigwa kofi. Baba yake alikuwa kinyozi hapohapo, na alipozeeka aliwaachia wanawe wawili viti vile viwili: mkubwa akasimama kwenye kiti cha mlangoni, Hariri kwenye kile cha ndani.

Mzee yule alikuwa na namna yake ya kazi, na wanawe waliirithi pamoja na wembe. Waliiita kusalimu shavu. Kabla wembe haujagusa ngozi, kinyozi huweka kidole chake kidogo kwenye taya ya mteja na kukiacha pale, kimetulia, mpaka mteja ashushe pumzi. Ndipo kazi huanza. "Huyu mtu amekupa shingo yake," mzee alikuwa akiwaambia wanawe. "Bisha hodi kwanza." Mteja akisinzia kitini, hiyo ndiyo ilikuwa stashahada yao. Kwa Hariri walikuwa wakilala mpaka wanakoroma, na kaka yake, kutoka kiti cha mlangoni, alikuwa akiwaambia waliokaa kwenye benchi, "Ongeeni polepole, wodi imejaa."

Kisha kaka akaugua, na mwisho wa ugonjwa huo akafariki. Siku zote za kitandani Hariri alikuwa akipitia nyumbani kwake asubuhi kumnyoa, maana marehemu alikuwa mtu nadhifu na hakutaka kuonekana na ndevu za mgonjwa. Baada ya mazishi Hariri alifungua duka kama kawaida. Kiti cha mlangoni hakumruhusu mtu kukikalia. Alikifuta vumbi kila asubuhi, akakizungusha kidogo, akakiacha kikitazama kioo.

Ugonjwa wenyewe ulikuja baadaye, wakati watu wote walikuwa wamekwisha acha kumpa pole. Jioni alikuwa akifunga duka, anafika kona, anarudi kulitazama kufuli, anafika kona tena, anarudi tena. Moyo ulimwenda mbio bila kufukuzwa na kitu. Kifua kilimbana akiwa ameketi tu, na viganja vikamlowa jasho mpaka kitana kikamponyoka. Akijilaza, mawazo yalikuwa yakijipanga kama wateja wa mwisho wa wiki, na kila moja lilitaka kunyolewa kwanza. Ili asisinzie kazini akawa anakunywa kahawa, kikombe juu ya kikombe. Mkewe alimwambia apumzike, naye akamjibu, "Niko sawa," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Kisha siku moja alimsalimu mteja shavu, na kidole kikatetemeka.

Mteja alifumbua jicho moja. "Fundi, leo unanipigia ngoma?"

Hariri alicheka, mteja naye akacheka, lakini tangu hapo wembe ulianza kukwisha. "Samahani, wembe umekwisha, leo nitakupitisha mashine." Ukawa umekwisha Jumatatu, ukawa umekwisha Alhamisi, na wiki iliyofuata ukaendelea kukwisha. Wateja waliozoea kulala walianza kutoka wakiwa macho. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa Hariri, kama mkono huo ungepotea, basi angekuwa amempoteza baba mara ya pili, na kaka pia, na duka lingebaki chumba cha mashine kama vingine vyote vya mtaani.

Aliyemkamata ni mjane wa kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Hariri alikuwa hakosi kwenda kumjulia hali, na siku hiyo alipewa chai.

"Shemeji," alisema Mwalimu, "kikombe chako kinapiga simu."

"Ni kisahani hiki, hakikai sawa."

"Kisahani hicho nilikinunua na marehemu kaka yako, na kimekaa sawa tangu siku hiyo. Weka chini. Nionyeshe mikono."

Hariri alinyoosha mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Tangu lini?"

"Ni uchovu tu, shemeji."

"Mimi nimezeeka nikisikiliza watoto wanaosema vitabu vyao vimeliwa na mbuzi, tena watoto wa ghorofani. Tangu lini?"

Hariri alitazama chini. "Tangu kiti kibaki kitupu."

Mwalimu aliinuka. Alichukua mkoba wake, akajifunga kitambaa kichwani, wakaenda zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye tabia ya kungoja jibu mpaka lije. Alimpima presha, akausikiliza moyo, akaagiza damu ipimwe, na majibu yalipotoka alivuta kiti karibu. "Moyo wako mzima, na figo zako nzuri. Ulicho nacho ni wasiwasi. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una matibabu. Kahawa unakunywa vikombe vingapi?"

"Vidogo, daktari."

"Sikuuliza ukubwa."

Hariri alimtazama shemeji yake. Shemeji yake alikuwa anatazama dari.

Daktari alimtaka apunguze kahawa, na arudi kila wiki kuzungumza na mshauri wa pale zahanati habari za kaka yake. Kisha akamwambia kuna watu wenye wasiwasi wanaopata nafuu wakiongeza magnesiamu. "Sitakudanganya, ushahidi wake si mzito, na si kila mtu humfaa. Lakini wewe unaishi kwa mkate na kahawa, huenda mwilini imepungua. Tunaweza kujaribu. Tafuta aina ya glisinati, ni laini kwa tumbo. Kiasi kidogo, jioni. Tukiona haikufai, tunaacha."

"Ni vidonge?" aliuliza Hariri, ambaye tangu utotoni kidonge humkwama kooni.

"Iko na ya unga," alisema daktari. Hakuna aliyekuwemo chumbani aliyejua neno hilo lingekuja kufanya kazi gani.

Kesho yake Hariri alikwenda duka la dawa peke yake. Njiani alijikumbusha jina, na alipofika kaunta jina la kwanza lilikuwepo, la pili limekwisha potea.

"Magnesiamu," alisema.

"Magnesiamu ipi, baba?" aliuliza dada wa duka la dawa. "Ina ukoo mkubwa hiyo. Ni ya tatizo gani?"

Nyuma yake palikuwa na foleni, na katika foleni alikuwamo fundi viatu, ameshika dawa ya kikohozi na kutega masikio. Neno wasiwasi lilifika kwenye meno ya Hariri, likachungulia watu, likarudi ndani.

"Ya... tumbo," alisema.

"Limefunga?"

"Limefunga."

"Kabisa?"

"Kabisa, dada."

Basi yule dada, bila kosa lolote, akampa magnesiamu ya watu ambao tumbo limefunga kabisa. Alimweleza kipimo chake, akamweleza pia kwamba akishainywa asiende mbali. Hariri alikuwa anaitikia kwa kichwa huku akisikia mapigo ya moyo wake tu. Alipofika dukani aliimimina kwenye kopo la poda lililokuwa tupu, ili mteja asisome maandishi na kuuliza. Aliona amefanya jambo la busara.

Asubuhi iliyofuata alijaza kijiko mpaka kikawa na kilele, akakoroga kwenye glasi, akanywa. Kisha akafikiri jinsi wasiwasi wake ulivyokuwa mkubwa, akaongeza kijiko kingine.

Mteja wa kwanza alikuwa mtu mmoja muuza bima, ambaye hapa tumwite Bwana Bima. Alikuwa anakwenda kuonana na wakubwa, akataka ndevu zitolewe zote, kwa wembe, na asisikie habari za mashine. Hariri alijiona yuko tayari. Alimfunika shuka, akampaka povu, akamsalimu shavu. Kidole kilitetemeka kidogo tu, na Bwana Bima, aliyekuwa akiongea, hakugundua.

"Fundi, umewahi kufikiria kuikatia bima mikono yako? Wacheza mpira wanakatia miguu."

"Tulia, mzee, nakuja mdomoni."

"Hapana, nisikilize. Mkono ukipata hitilafu, kampuni inakulipa wewe umekaa nyumbani unakula tu..."

Upande wa kulia ulikwisha salama, mlaini kama jina la kinyozi. Hariri alizunguka kiti aanze wa kushoto. Hapo tumbo lake lilisema neno moja, refu, na Bwana Bima akanyamaza kulisikiliza.

"Hujapata chai, fundi?"

Hariri alijikaza kisabuni. Alishika wembe, akauweka chini, akaushika tena. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. "Nakuja," alisema, na hapo ikawa mguu niponye. Alipita mlangoni, akampita fundi viatu, akazunguka nyuma ya jengo, akaenda alikokwenda.

Bwana Bima alisubiri. Povu lilimkaukia. Alimaliza kutazama kioo, akaanza kutazama rafu. Akaona glasi yenye mabaki meupe, kijiko, na kopo lisilofungwa vizuri. Akainuka na shuka lake shingoni, akafunua kopo, akachungulia.

Alitoka nje akiwa na uso nusu mzee na nusu kijana. "Jirani yako," alimwambia fundi viatu, "anapiga unga!"

"Usiniambie!" alisema fundi viatu, akimaanisha aambiwe. "Ndiyo maana! Mimi nilikuwa najiuliza anatetemekea nini. Halafu amekonda. Halafu kila jioni anakwenda anarudi kutazama mlango, anakwenda anarudi. Mtu asiye na la kuficha hufunga mara moja."

Tazameni basi. Jasho, kukonda, macho mekundu ya kukosa usingizi, kufuli linalotazamwa na kutazamwa tena: kila dalili ya wasiwasi iligeuzwa shahidi wa unga. Na Bwana Bima, ambaye kazi yake ni kuingia nyumba za watu na kuongea, alizunguka siku nzima na nusu ndevu zake kama bango. Kila aliyemwuliza alipewa habari, na kila aliyepewa habari aliitia chumvi kabla ya kuipitisha. Kufikia jioni polisi walikuwa wamekwisha tiwa ndani ya hadithi.

Benchi la kungojea likawa tupu. Akina mama walivusha watoto wao upande wa pili wa barabara. Wiki haijaisha, mwenye jengo akapiga simu. Ni hakimu mstaafu, watu humwita Mzee Hakimu, na katika uhai wa baba yake Hariri, mzee huyu alikuwa mteja wa kiti cha ndani. Hakusema mengi. "Mwisho wa mwezi nitakuja mwenyewe kuchukua ufunguo. Jengo langu si kijiwe."

Mwalimu alipozipata habari hizo hakumtuma mtu. Alikwenda dukani mwenyewe, akapita katikati ya macho ya mtaa bila kupunguza mwendo, akamkuta Hariri anafunga brashi na mikasi kwenye taulo.

"Unakwenda wapi na vitu vya baba mkwe wangu?"

"Shemeji, nimeliaibisha jina lenu."

"Jina letu nalijua mimi. Wewe niambie ukweli. Ndani ya kopo mna nini?"

Hariri akamweleza yote: foleni, fundi viatu na masikio yake, neno lililorudi ndani, tumbo lililofungwa kwa mdomo wakati halijafungwa kwa kweli, kijiko chenye kilele, na cha pili. Alipofika penye Bwana Bima na upande wa kushoto, Mwalimu aligeuka akatazama ukuta. Mabega yakaanza kumtikisika. Hariri alidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka, yeye ambaye tangu mazishi hakuna aliyemsikia akicheka, akayumba, akatafuta pa kujishikilia, na alipojishikilia palikuwa kwenye kiti cha mlangoni. Kiti kikazunguka naye. Hariri naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka fundi viatu akaacha kugonga nyundo ili asikie.

"Kaka yako," alisema Mwalimu akijifuta macho, "angekuwa hai angekutania mpaka ukahama mji."

Kisha akanyoosha kitambaa chake, na sura ya ualimu ikamrudia. "Haya. Tunarudi duka la dawa. Na safari hii utalitaja neno lenyewe."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Wasiwasi haujaichafua familia hii, shemeji. Kuuficha ndiko kulikoichafua."

Foleni ilikuwepo, tena ndefu kuliko siku ile. Zamu yake ilipofika Hariri alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Dada, siku ile nilikudanganya. Tumbo langu halikuwa na neno." Akameza mate. "Mimi nina wasiwasi. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, silali. Daktari alinitajia magnesiamu ya glisinati. Niliona haya kusema."

Yule dada wa duka la dawa aliweka kiganja mdomoni. "Na ile nyingine ulikunywa?"

"Niliinywa."

"Pole sana, baba. Pole mno."

Hapo mama mmoja aliyekuwa nyuma yao, mwenye kikapu mkononi, akajongea. "Kaka, asante," alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi nina huohuo. Nimesimama hapa nikijiandaa kusema nimekuja kununua pamba."

"Nyumbani kwangu pamba imejaa kabati zima," alisema mzee mwingine nyuma zaidi, na foleni nzima ikacheka, kicheko cha watu wanaojuana bila kujuana.

Yule dada alimpa Hariri aina iliyotakiwa. Alimwonyesha kijiko kidogo kilichomo ndani ya kopo, akamtaka asikipandishe kilele hata akijisikia vibaya namna gani, na akianza dawa nyingine yoyote aulize kwanza. "Na iache humuhumu, kwenye kopo lake lenye maandishi," alisema. "Kitu kikikaa ndani ya jina lake hakimtishi mtu."

Hariri alikunywa kama alivyoelekezwa. Hakuna muujiza uliotokea, na asitokee mtu kusema familia hii inatangaza miujiza. Siku za kwanza hakuona kitu. Kisha mkewe aliona kabla yake: aliamka akamkuta mumewe bado amelala, akatembea kwa ncha za vidole kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe. Baadaye Hariri akafika kona na kufuli lake nyuma, akasimama, akaendelea na safari. Kahawa ilibaki ya asubuhi tu. Kwa mshauri wa zahanati alikwenda, na huko alilia kilio ambacho kwenye mazishi alikuwa amekinyima nafasi kwa sababu ya kupokea wageni. Alipomwuliza daktari ni lipi kati ya hayo lililomsaidia, daktari alisema hawezi kuapa ni magnesiamu. Huenda ni hiyo, huenda ni usingizi, huenda ni kuongea, huenda ni vyote vimeshikana mikono. "Basi nitavishukuru vyote," alisema Hariri.

Mwisho wa mwezi Mzee Hakimu alikuja, na fimbo yake na kofia yake. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo wima. Mlangoni fundi viatu alikuwa ametokea kuazima gundi, kana kwamba vinyozi hutumia gundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ufunguo uko wapi?"

"Upo, mzee. Lakini naomba niseme kwanza. Mimi nina wasiwasi."

"Mwenye wasiwasi ni mimi," alisema Mzee Hakimu. "Jengo ni langu."

"Si huo, mzee. Huu wangu ni wa kuugua." Na Hariri akamweleza, bila kushusha sauti kwa ajili ya mlangoni, kisha akateremsha kopo na kumpa.

Mzee Hakimu alisoma maandishi yote, mbele na nyuma. Akafungua, akachovya ncha ya kidole, akalamba, akakunja uso. "Kortini nimeletewa unga wa kila namna mezani. Huu haukuwahi kufika." Alimrudishia kopo. "Lakini karatasi mtu yeyote anaweza kubandika. Mkono hauna karatasi." Akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha ndani. "Ninyoe. Kwa wembe. Baba yako alikuwa akinisalimu shavu. Ukitetemeka nitajua, na ufunguo nitaondoka nao."

Hariri alinoa wembe kwenye mkanda wa baba yake. Alikandamiza taulo ya moto, akapaka povu, akanawa mikono, akaikausha. Moyo uliongeza mwendo. Aliusikia, akauacha upite kama mshauri alivyomfundisha, kama gari linalopita nje ya dirisha. Kisha akaweka kidole kidogo kwenye taya ya mzee.

Kidole kilikaa. Kilikuwa na uhai, ndiyo, kama kidole chochote cha mtu, lakini kilikaa. Mwalimu kwenye benchi alikuwa amefumba macho. Kisha Mzee Hakimu akashusha pumzi, ndefu, na mabega yakashuka nayo.

Wembe ulipita shavuni bila kelele. Hariri alipozunguka upande wa kushoto, ule uliomshinda siku ile, kichwa cha mzee kilikuwa kimeegemea nyuma na mdomo umefunguka kidogo. Alipofika kidevuni, mzee alikoroma.

Hariri alisimama na wembe juu, machozi yakimtiririka hadi kwenye aproni. Mwalimu akamgeukia fundi viatu pale mlangoni, akaweka kidole mdomoni. "Ongeeni polepole," alinong'ona. "Wodi imejaa."

Mzee Hakimu alipoamka alijipapasa mashavu, akachukua kofia na fimbo. Ufunguo hakuutaja. "Mwezi ujao nitakuja tena," alisema. "Na hicho kiti kingine usikiache kipate kutu."

Siku hiyohiyo, habari zikiwa zimekwisha zunguka upya kwa kasi ileile, Bwana Bima alitokea. Alisimama mlangoni akishika ndevu zake, ambazo kwa sasa zilikuwa zimeota sawasawa pande zote.

"Fundi, nimekuja kuomba radhi. Na ikiwezekana, umalizie."

"Bwana Bima, mimi ndiye niliyepaswa kukuomba radhi. Nilikuacha na povu." Hariri alitazama kiti cha ndani, chenye shuka lililolowa. Akatazama kile cha mlangoni. Akakipangusa kwa taulo, akakizungusha. "Kaa hapa."

Bwana Bima aliketi bila kujua amekalia nini. Mwalimu alijua. Aliinama akashughulika na mkoba wake kwa muda mrefu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Viti viwili vinafanya kazi, na Hariri hutoka kimoja hadi kingine. Anamshukuru daktari aliyesema ukweli mpaka kwenye ushahidi usio mzito. Anamshukuru dada wa duka la dawa, na yule mama wa pamba, ambaye mwanawe sasa hunyolewa hapo. Kopo liko kwenye rafu, maandishi yakitazama mbele, na anayetaka kusoma na asome.

Limebaki jambo moja tu, ambalo Bwana Bima aliliuliza siku hiyo akiwa amefunikwa shuka, na ambalo mtaa haujachoka kuliuliza. "Lakini fundi, siku ile ulipotoka mbio, hasa ulikwenda wapi?"

Hariri alifungua mdomo. Mwalimu akawahi.

"Alikwenda na akarudi," alisema, akisimama na mkoba wake. "Familia imekwisha jibu. Zaidi ya hapo halisemwi neno, si leo wala siku nyingine."